Ender's Game: riwaya ya mtoto aliyefundishwa vita

Ender's Game, yaani Mchezo wa Ender, ni riwaya ya Kiingereza iliyoandikwa na Mmarekani Orson Scott Card na kuchapishwa mwaka 1985. Inamhusu mvulana mwenye akili nyingi kupita kiasi, ambaye jeshi linamchukua kutoka kwao akiwa na miaka 6 ili limwandae kuwa kamanda wa vita dhidi ya viumbe kutoka nje ya dunia.

Riwaya za aina hii huitwa hadithi za kubuni za kisayansi. Mwandishi huchukua mambo ambayo sayansi haijayafikia, kama safari za kwenda kwenye nyota za mbali, kisha anasimulia kana kwamba yamekwisha kuwepo. Msomaji asiogope neno sayansi. Vyombo vya anga vimo, silaha za ajabu zimo, lakini kinachomfanya mtu asilale mpaka amalize kitabu hiki ni swali la kawaida kabisa: hawa watu wazima wanamficha mtoto huyu jambo gani?

Tunatoa tahadhari mapema. Nusu ya kwanza ya makala haya inaeleza mwanzo na katikati ya hadithi. Baada ya hapo tunasema siri yenyewe na mwisho wake, kwa sababu bila siri hiyo haiwezekani kueleza kwa nini kitabu kinabishaniwa mpaka leo. Anayetaka kukisoma au kutazama filamu yake kwanza, tutamwambia pa kuishia.

Mtoto wa tatu

Jina halisi la mvulana huyu ni Andrew Wiggin. Dada yake, Valentine, alipokuwa mdogo alishindwa kulitamka akasema Ender, na jina likabaki hivyo. Kwa Kiingereza linakaribia kumaanisha mtu anayemaliza mambo, na mwandishi hakulichagua kwa bahati mbaya.

Dunia ya hadithi hii imekwisha kushambuliwa mara mbili na viumbe ambao binadamu wanawaita Wadudu. Wanafanana na siafu, na kama nyuki au mchwa wana malkia. Shambulio la pili lilikaribia kuangamiza watu wote, na likazimwa na kamanda mmoja, Mazer Rackham, kwa namna ambayo wananchi hawakuelezwa vizuri. Tangu siku hiyo dunia nzima inaishi kwa hofu ya shambulio la tatu, na jeshi linatafuta watoto wenye vipaji ili kumpata Rackham mwingine.

Serikali inaruhusu kila familia watoto wawili tu. Kaka yake Ender, Peter, alipimwa akaonekana ana akili ya kutosha, lakini ni mkatili mno. Valentine naye ana akili hiyohiyo, lakini ana huruma mno. Jeshi likawapa wazazi kibali cha kuzaa wa tatu, likitumaini atakuwa katikati ya wawili hao. Ender basi alizaliwa kwa agizo. Shuleni wenzake wanamdhihaki kwa kumwita Wa Tatu, na hata nyumbani anajiona kama mzigo.

Mwanzoni kabisa anazingirwa na kundi la wavulana wanaomwonea. Anampiga kiongozi wao, Stilson, na anaendelea kumpiga hata baada ya kuanguka. Anafanya hivyo kwa hesabu: kumshinda leo hakutoshi, anataka wasithubutu tena kesho. Kisha anakwenda pembeni na kulia. Maofisa waliokuwa wakimtazama kwa siri wanaamua kwamba huyu ndiye. Siku inayofuata Kanali Graff anabisha hodi kwao.

Shule iliyo angani

Graff anampeleka katika Shule ya Vita, kituo kinachoizunguka dunia, chenye watoto watupu na walimu wachache. Bado wako kwenye chombo, mbele ya wenzake wote, Graff anamsifu Ender kwamba ndiye pekee mwenye akili humo ndani. Sifa hiyo ni mtego. Watoto wanaanza kumchukia kabla hawajafika, na ndivyo Graff alivyotaka. Mpango wake ni kwamba mtoto huyu asiwe na rafiki wa kumtegemea, wala asiamini kamwe kwamba kuna mtu mzima atakayekuja kumwokoa.

Sehemu inayopendwa zaidi na wasomaji ni chumba cha mapambano. Ni ukumbi mkubwa usio na mvutano wa ardhi. Ukijisukuma kutoka ukutani unaelea moja kwa moja mpaka ugonge kitu kingine. Vikosi viwili, kila kimoja na watoto 40 na kamanda wao, huingia kupitia malango yanayotazamana na kulengana kwa miali ya mwanga. Sare ya anayepigwa inakauka pale ilipopigwa: mguu ukipigwa hauukunji tena, ukipigwa mwili mzima unabaki ukielea kama gogo mtoni.

Ender anagundua jambo ambalo wenzake hawalioni. Wao wanaingia ukumbini wakiendelea kufikiri kwa juu na chini za korido waliyotoka. Yeye anaona kwamba mahali pasipo na uzito hakuna juu wala chini, mpaka mtu aamue mwenyewe. Anaamua kuwa lango la adui ndilo chini, kwa hiyo yeye na wenzake wanaliendea kama watu wanaoanguka, miguu mbele. Anayemlenga anaona nyayo tu, na miguu iliyokwisha kukauka inageuka kuwa ngao. Ni jambo dogo, lakini humfanya msomaji aamini kwamba mtoto huyu kweli ana kipaji. Waandishi wengi hutwambia tu kwamba mhusika wao ana akili. Card anatuonyesha akili ikifanya kazi.

Kadiri Ender anavyoshinda ndivyo walimu wanavyoharibu sheria za mchezo. Anapewa kikosi chake, kinachoitwa Dragon, akiwa na miaka 9, na kimejaa watoto wageni na waliokataliwa kwingine. Kwa kawaida vikosi hupigana mara moja kwa majuma mawili. Chake kinapiganishwa kila siku, baadaye mara mbili kwa siku, na mwisho dhidi ya vikosi viwili kwa pamoja. Ender anachoka, anakonda, anaota ndoto mbaya. Rafiki aliokuwa nao wanageuka kuwa askari wake, na askari hacheki na kamanda.

Kisha kuna Bonzo Madrid, kamanda wa kikosi kingine, mvulana mkubwa zaidi ambaye Ender alimwaibisha. Bonzo na wenzake wanamvamia Ender bafuni, wakiwa na nia ya kumuua. Walimu wanajua. Hawaingilii. Ender anapigana peke yake, akiwa uchi na amejipaka sabuni ili asishikike, na anamwangusha Bonzo. Anaambiwa kwamba Bonzo amerudishwa kwao.

Sauti zisizo na majina

Hapa tuseme kidogo jinsi mwandishi anavyojenga wasiwasi, maana anatumia njia ambayo msikilizaji wa redio ataitambua mara moja. Karibu kila sura inaanza na mazungumzo ya watu ambao hawatajwi majina. Hakuna maelezo ya wamekaa wapi wala wamevaa nini, ni sauti tu, kama mchezo wa redio. Ni maofisa, wakijadili wamsukume Ender kiasi gani kabla hajavunjika. Mmoja anasita, mwingine anamwambia hakuna muda.

Kwa hiyo msomaji siku zote anajua zaidi kidogo kuliko mtoto. Anajua kwamba upweke wa Ender ulipangwa, na kwamba barua ya dada yake iliyomtia moyo iliandikwa kwa ombi la jeshi. Hiyo inatufanya tujione wajanja, kwamba tumekwisha kuyajua ya ndani. Kumbe kuna jambo moja ambalo na sisi tumefichwa.

Kuna pia mchezo wa kompyuta ambao Ender anaucheza peke yake usiku. Jitu linampa vinywaji viwili na kumtaka achague, na chochote anachochagua kinamuua. Watoto wote hukwama hapo na kuacha. Ender anarudi tena na tena, mwishowe anakataa vikombe vyote viwili na kulirukia jitu machoni. Anafungua njia ambayo walimu wenyewe hawakujua kama ipo.

Wakati huohuo, huku duniani, Peter na Valentine wanaandika maoni ya kisiasa kwenye mitandao ya kompyuta wakitumia majina ya uongo, Locke na Demosthenes. Wasomaji wanadhani ni watu wazima wenye hekima, na maneno yao yanaanza kuyumbisha serikali. Kumbuka kitabu hiki ni cha mwaka 1985, wakati watu wengi hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta. Leo, mtu mwenye simu anayepokea kila siku ujumbe wa watu asiowajua haoni ajabu yoyote katika sehemu hiyo, na pengine ndiyo iliyozeeka kidogo kuliko zote.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Mtihani wa mwisho

Ender anapelekwa katika Shule ya Makamanda, iliyochimbwa ndani ya mwamba wa angani uitwao Eros. Huko mwalimu wake ni mzee mmoja mkali, na mzee huyo ni Mazer Rackham mwenyewe. Jeshi lilimsafirisha kwa chombo kinachokwenda karibu na kasi ya mwanga. Kwa mtu aliye ndani ya chombo kama hicho muda hupita polepole kuliko duniani, na hili si la kubuni, limo katika sayansi ya Albert Einstein. Kwa Rackham ilipita miaka 8, duniani ikapita 50.

Kazi ya Ender sasa ni kuongoza meli za kivita katika mapambano ya kwenye kompyuta. Marafiki zake wa Shule ya Vita, akiwemo Petra, Alai na mdogo wao Bean, wanamsaidia kupitia vipaza sauti. Rackham anamwambia kwamba yeye ndiye anayepanga mienendo ya adui, na kwamba haya ni mazoezi. Mazoezi yanakuwa magumu siku hadi siku. Petra anaishiwa nguvu na kulala katikati ya pambano. Ender anajing'ata mkono usingizini mpaka unatoka damu.

Siku ya mtihani wa mwisho, chumba kimejaa maofisa. Ender anaona kwenye skrini sayari iliyozingirwa na meli za adui zisizohesabika, na yeye amepewa chache tena za kizamani. Anaona ameonewa, na anaamua kufanya jambo ambalo hakuna kamanda mwenye huruma angelifanya, ili wamfukuze shule arudi kwao. Anaziongoza meli zake moja kwa moja hadi kwenye sayari na kuilipua yote kwa silaha inayosambaratisha kila kitu.

Nyuma yake watu wazima wanalia kwa furaha, wengine wanapiga magoti. Ndipo Rackham anamwambia. Hapakuwa na mazoezi. Tangu alipoanza kumfundisha, kila pambano lilikuwa vita halisi. Meli zilituma habari na kupokea amri papo hapo kwa chombo cha mawasiliano kinachoshinda umbali. Ndani yake mlikuwa na watu wa kweli, waliotumwa miaka mingi kabla Ender hajazaliwa. Sayari ilikuwa makao ya Wadudu, na malkia wao wote walikuwa pale. Mtoto wa miaka 11 amekifuta kizazi kizima cha viumbe wenye akili.

Walimficha kwa sababu gani? Maelezo ya Graff na Rackham ni haya: walihitaji mtu mwenye huruma ya kutosha kumwelewa adui mpaka aone atakavyofikiri, lakini mtu wa namna hiyo asingekubali kumuua akijua. Basi wakatafuta mtoto na kumwambia ni mchezo.

Na Wadudu hawakuwa wanakuja tena. Kwao mwenye fahamu ni malkia, wengine ni kama vidole vyake. Walipowaua watu hapo zamani hawakujua kwamba kila binadamu ana nafsi yake. Walipoelewa, waliacha. Ender anajua haya baadaye, anapohamia katika dunia moja waliyoiacha wazi. Anakuta kilima chenye umbo la lile jitu la kwenye mchezo wake wa kompyuta. Wadudu walikuwa wameiona ndoto yake kwa mbali, wakamjengea alama ambayo yeye peke yake angeitambua. Hapo wamemwachia kiluwiluwi cha malkia mmoja, ili awatafutie mahali pa kuanza upya.

Hatia ni ya nani?

Baada ya vita Graff anashtakiwa, na katika kesi hiyo zinaonyeshwa picha za Ender akipigana na Stilson na Bonzo. Wote wawili walikufa. Ender alikuwa hajaambiwa. Graff anaachiwa huru.

Wasomaji wamegawanyika hapa. Wapo wanaosema kitabu kinashtaki watu wazima wanaotumia watoto. Wapo wanaokiona kinamsafisha muuaji. Mwandishi na mwalimu wa fasihi wa Marekani, John Kessel, aliandika mwaka 2004 kwamba Card amepanga matukio kwa ustadi ili Ender aue mara kwa mara na kila mara abaki bila lawama, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Wakati huohuo jeshi la wanamaji wapiganaji la Marekani, Marine Corps, liliwahi kukiweka kitabu hiki katika orodha ya vitabu ambavyo askari wake walishauriwa kusoma, kwa mafunzo ya uongozi. Kitabu kimoja kusomwa kama lawama kwa jeshi na pia kama somo la jeshi si jambo la kawaida.

Sisi tunaona Kessel ana hoja kuhusu mapigano ya shuleni, ambako kila mchokozi anachorwa mbaya mpaka msomaji anatamani apigwe. Lakini kuhusu vita vyenyewe kitabu hakimwachii Ender hivihivi. Anaibeba sayari ile maisha yake yote.

Katika eneo letu swali hili si la kwenye vitabu tu. Sheria za kimataifa zilikataza kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15 katika nyongeza za Mikataba ya Geneva za mwaka 1977, na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ikaweka miaka 18 kwa kushiriki moja kwa moja katika mapigano. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri, Congo, na kumfunga miaka 14. Yeye alikuwa upande wa Graff, mtu mzima anayekusanya watoto.

Kesi ya Dominic Ongwen ilikuwa ngumu zaidi. Alitekwa na waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda akiwa na takriban miaka 9, akielekea shule. Alikulia msituni, akawa kamanda. Mwaka 2021 ICC ilimkuta na hatia ya makosa 61, na kumhukumu miaka 25. Majaji walikataa hoja kwamba utoto wake unamwondolea hatia ya aliyoyafanya akiwa mtu mzima, lakini walipopanga adhabu waliuzingatia na kumpunguzia. Ender na Ongwen hawafanani, mmoja alidanganywa na mwingine alijua anachofanya. Lakini anayetaka kufikiri juu ya mtoto aliyetengenezwa na vita atakuta pande zote za mjadala zimo katika riwaya hii.

Kilivyoandikwa na kilichofuata

Card alizaliwa mwaka 1951 na ni muumini wa kanisa la Mormon. Amesema wazo la chumba cha mapambano lilimjia akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 aliliandika kama hadithi fupi katika jarida la Analog. Kwenye hadithi hiyo Peter na Valentine hawamo. Alirudi kuipanua kwa sababu alikuwa anataka kuandika kitabu kingine, Speaker for the Dead, na akahitaji msomaji amjue Ender kwanza. Hivyo riwaya iliyompa jina ilianza kama utangulizi wa nyingine.

Zote mbili zilishinda tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, Hugo na Nebula, moja baada ya nyingine, na hakuna mwandishi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Katika kitabu hicho cha pili Ender, kwa sababu ya safari za kasi, anaishi hadi miaka 3,000 baadaye, na kazi yake ni kusema juu ya wafu. Anaitwa kwenye kifo cha mtu na kueleza maisha ya marehemu yalivyokuwa kweli, mazuri na mabaya. Kwetu, ambako wasifu wa marehemu husomwa kaburini na kasoro zake zikaachwa nyumbani, tunadhani Ender asingealikwa mara mbili.

Filamu ilitoka mwaka 2013. Iliongozwa na Gavin Hood wa Afrika Kusini, ambaye filamu yake ya awali, Tsotsi, ilishinda Oscar. Asa Butterfield ni Ender, Harrison Ford ni Graff, Ben Kingsley ni Rackham. Huko Marekani baadhi ya watu waliitisha mgomo dhidi ya filamu hiyo kwa sababu Card alipinga hadharani ndoa za jinsia moja. Inatazamika vizuri, hasa chumba cha mapambano, lakini imepoteza jambo moja kubwa: Ender wa filamu ni kijana aliyebalehe. Akikosea, unaona kijana amekosea. Kwenye kitabu ni mtoto ambaye angekuwa darasa la kwanza.

Anayependa kitabu cha kwanza asiruke Ender's Shadow, cha mwaka 1999. Kinasimulia matukio yaleyale kwa upande wa Bean, mdogo kuliko wote katika kikosi cha Dragon. Humo tunajua kwamba Bean alikuwa amekwisha kukisia kwamba mazoezi ya Eros ni vita vya kweli. Aliendelea kusikiliza sauti ya Ender kwenye spika, na hakumwambia.